Msimamizi wa Nyumba za Kupangisha: Hulipwa kwa Kazi Gani?

Juma hili imetufikia barua ya mama mmoja mjane anayeishi Jinja. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, na alipostaafu alitumia kiinua mgongo chake kujenga vyumba vinane vya kupangisha pembezoni mwa mji wa Kampala, vile vyumba vya safu moja ambavyo wenyeji huviita mizigo, jina ambalo hata kwa Kiswahili halikukosea sana. Tangu mzee afariki, anayekusanya pango ni shemeji yake mama huyu. "Mwezi mmoja huniletea laki tano," aandika mama, "mwezi wa pili laki tatu, na mwezi wa tatu huniletea maneno." Sasa amejitokeza mtu mwenye ofisi, ajiitaye msimamizi wa majumba, naye ataka sehemu ya kumi ya pango ili asimamie vyumba hivyo. Mama auliza: mtu huyo atafanya nini ambacho shemeji hafanyi, hata alipwe fedha nyingi kiasi hicho?

Swali hili si la mama huyu peke yake. Walimu, wauguzi, askari na makarani wengi wa Serikali hujenga vyumba kama hivyo ili viwe pensheni ya pili, kisha uhamisho, uzee au msiba ukawaweka mbali navyo. Nyumba ikabaki Kampala, mwenyewe akabaki Jinja, Mbarara au Gulu, na kati yao pakabaki mtu wa kutumainiwa. Yafaa basi tueleze kazi ya msimamizi kwa kirefu kidogo.

Kwanza tusimchanganye na wengine wawili. Dalali ni yule amtafutiaye mtu chumba, akachukua ujira wake, aghalabu kwa mpangaji, akaenda zake. Ufunguo ukishakabidhiwa hana habari tena. Mtunza nyumba, ambaye mara nyingi hukaa katika chumba cha mwisho cha safu, hufagia uwanja, hufunga lango usiku na hujua nani amehama alfajiri bila kuaga. Msimamizi si mmoja wa hao. Yeye hushika mahali pa mwenye nyumba katika shughuli zote: hutafuta wapangaji na kuwachunguza, huandika mkataba, hupokea pango na kutoa stakabadhi, hutengeneza kilichoharibika, hulipa ada zilizo juu ya nyumba, na kila mwisho wa mwezi humpelekea mwenye nyumba hesabu iliyoandikwa. Kwa kazi hiyo hukata asilimia fulani ya pango, mara nyingi kati ya 5 na 10.

Tuchukue kazi ya kumchunguza mpangaji. Shemeji hupangisha kwa yeyote aliyekuja na fedha mkononi siku ile. Msimamizi mwenye kuijua kazi yake humwomba mtu kitambulisho cha taifa, humwuliza anafanya kazi gani na wapi, na humtaka alete barua ya mwenyekiti wa LC 1 wa kule anakotoka. Tena huenda akampigia simu mwenye nyumba wa zamani. Mambo hayo huchukua siku mbili tatu, na katika siku hizo chumba ni kitupu. Lakini chumba kitupu kwa siku tatu ni afadhali kuliko mpangaji wa miezi mitano asiyelipa. Kabla ya kumkabidhi ufunguo, huingia chumbani pamoja naye wakaandika hali ya kila kitu: vioo vingapi, kitasa kizima au kibovu, rangi ya ukuta, swichi. Karatasi hiyo hutiwa saini na wote wawili. Siku ya kuhama, hakuna wa kusema kuwa kioo alikikuta kimevunjika.

Sheria nayo imeifanya kazi hii kuwa ya lazima zaidi kuliko zamani. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 yasema kwamba mkataba wa upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi sharti uwe wa maandishi. Chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi huvuka kiasi hicho kabla ya mwezi wa nne kwisha. Sheria hiyo hiyo yakataza pango lisipandishwe kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kumwondoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa. Wako wenye nyumba ambao hadi leo, wakichoka kudai, huja usiku na kufuli lao, au huondoa mlango, au huezua bati moja ili mvua imfukuze mpangaji kwa niaba yao. Mtu wa namna hiyo aliyekuwa akidai shilingi laki tatu aweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Msimamizi hutakiwa kujua njia iliyonyooka: barua ya kwanza ya kukumbusha, barua ya pili yenye tarehe, mazungumzo mbele ya mwenyekiti wa LC, na mwisho mahakama, akiwa na mkataba na daftari la malipo mkononi. Tumeona mara nyingi kuwa mpangaji aliyeandikiwa barua mbili kwa adabu hulipa, au huhama kwa amani akiacha deni dogo, mambo ambayo kelele za uwanjani hazikupata kuyaleta.

Lakini ukitaka kujua kama msimamizi anastahili ujira wake, usimwulize habari za mahakama. Mwulize habari za maji. Vyumba vinane vina mita moja ya maji. Katika chumba kimoja yumo kijana peke yake arudiye usiku tu, na katika cha pili mama mwenye watoto watano na nguo za kufua kila siku. Ankara yaja moja. Ikigawanywa sawasawa, kijana hunung'unika. Ikigawanywa kwa vichwa, mama husema kitoto cha miezi minne si kichwa. Mmoja akikataa kulipa, Shirika la Taifa la Maji halimkatii yeye, hukata uwanja mzima, na ndipo majirani waliosalimiana kwa miaka hugeuka mahasimu. Shemeji husema, "Patananeni wenyewe." Msimamizi mzuri huweka utaratibu tangu siku ya kwanza na kuuandika katika mkataba: ama kila chumba kiwekewe mita ndogo yake, ama ankara ibandikwe ukutani kila mwezi pamoja na mgawanyo wake, ili kila mtu aone namba ya mita, jumla na fungu lake. Uwazi huo wa karatasi moja ukutani huondoa ugomvi zaidi ya hotuba kumi. Kwa umeme taabu imepungua, maana mita za kulipia kwanza, ambazo watu huziita Yaka, zaweza kuwekwa moja kwa kila chumba. Hata hivyo penye Yaka moja kwa vyumba viwili, kisa ni kile kile cha maji.

Kisha kuna matengenezo, na hapa wenye nyumba wengi hujidanganya. Hudhani kuwa fedha isiyotumika kwa matengenezo ni fedha iliyookolewa. Kampala ina misimu miwili ya mvua nyingi, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Msimamizi hupanda juu ya paa mwezi Februari na mwezi Agosti, hukaza misumari iliyolegea, huzibua mifereji ya bati, na huangalia maji ya uwanjani yaenda wapi. Msumari ni kitu cha fedha kidogo. Dari lililooza kwa sababu ya tundu la msumari si la fedha kidogo. Hali kadhalika choo cha shimo: huliita gari la kunyonya uchafu kabla hakijajaa, si baada ya wapangaji wawili kuhama kwa kinyaa. Jambo hili halipendezi kulizungumza katika ukurasa wa jamaa, lakini vyumba vingi hubaki vitupu kwa sababu ya choo kuliko kwa sababu ya pango.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake ya nyumba zisizokuwa na mtu wa kuzijali. Mwaka 1972 utawala wa Idi Amin uliwafukuza Waasia, na majumba yao kwa maelfu yakawekwa chini ya bodi iliyoundwa kuangalia mali yao. Wapangaji waliokaa ndani hawakuwa na hakika watakaa hata lini, na mwenyewe hakuwepo. Majengo mengi mazuri ya Kampala na Jinja yalichakaa kwa miaka mingi, hata wenyewe waliporudishiwa katika miaka ya 1990, wengine walikuta kuta tu ndizo zilizobaki imara.

Na kazi yenyewe si mpya duniani. Mwaka 1865, katika eneo la Marylebone mjini London, mwanamke aitwaye Octavia Hill alikabidhiwa nyumba chache mbovu ambazo mwandishi John Ruskin alikuwa amezinunua, nyumba za maskini. Ruskin alitaka fedha yake imzalie asilimia 5 kwa mwaka. Bibi Hill alikwenda mwenyewe kila juma kupokea pango, mlango kwa mlango, na hakuvumilia malimbikizo. Lakini alizitengeneza nyumba, na fedha iliyozidi juu ya ile asilimia 5 aliitumia kwa matengenezo waliyoyataka wapangaji wenyewe. Baadaye aliwafundisha wanawake wengine kazi hiyo, ikawa ufundi wenye kuheshimiwa. Twalitaja hilo kwa sababu wako wasomaji wetu wa kike, wenye kujua hesabu na kusema na watu, ambao wangeifanya kazi hii vizuri, na ambao hudhani ni kazi ya wanaume wenye mikoba.

Sasa tumpigie mama wa Jinja hesabu yake. Tuseme kila chumba ni shilingi 150,000. Vyumba vinane vikijaa, pango la mwezi ni shilingi 1,200,000, na la mwaka ni 14,400,000. Sehemu ya kumi ya msimamizi ni 120,000 kwa mwezi, yaani pungufu ya pango la chumba kimoja. Basi ikiwa chini ya shemeji chumba kimoja tu hukaa kitupu wakati wote, au mpangaji mmoja tu halipi, mama tayari anamlipa mtu ambaye hayupo, tena kwa ujira mkubwa zaidi. Kwa jinsi alivyoeleza, mwezi ulio mzuri kwake huleta 500,000. Zaidi ya nusu ya pango hupotea njiani.

Juu ya hayo kuna kodi ya Serikali. (Kiswahili kina upungufu hapa, kwani watu husema "kodi" kwa pango na "kodi" kwa haki ya Serikali, kisha wakashangaa wanapodaiwa ile waliyodhani wameipokea.) Tangu Julai 2022, mtu binafsi mwenye nyumba za kupangisha hutozwa asilimia 12 ya pango lote la mwaka lililozidi shilingi 2,820,000. Kwa mama huyu, kama vyumba vimejaa, zinazotozwa ni 11,580,000, na kodi ni 1,389,600. Gharama hazikatwi kwanza. Kwa hiyo ujira wa msimamizi haumpunguzii kodi hata shilingi moja, na mtu asimdanganye kuwa utampunguzia. Akishalipa kodi na msimamizi, hubakiwa na 11,570,400 kwa mwaka, kabla ya matengenezo na kodi ya majengo ya mji, ambayo nyumba anayoishi mwenyewe husamehewa bali ya kupangisha haisamehewi. Hata kwa shemeji kodi ya Mamlaka ya Mapato ipo pale pale, ila tu hakuna aliyeipigia hesabu, na siku ya kudaiwa itakuja pamoja na adhabu yake.

Hatusemi kuwa shemeji ni mwizi. Mambo haya huharibika bila mwizi. Mpangaji mmoja hulipa tarehe 3, wa pili tarehe 17, wa tatu nusu leo na nusu wakati mwingine. Fedha huingia mfuko ule ule wenye nauli ya bodaboda, taa aliyonunua kwa ajili ya uwanja, na ada ya shule ya mwanawe aliyofukuzwa nayo darasani. Kufika mwisho wa mwezi, yeye mwenyewe hawezi kusema ipi ni ipi. Naye mama hawezi kumwuliza. Hapo ndipo ugumu ulipo! Kumwuliza shemeji, "Chumba cha nne kililipa lini?" ni kama kumwita mwizi mbele ya ukoo, na mjane mwenye kuwaita ndugu wa marehemu wezi hujiletea makubwa kuliko pango. Msimamizi huulizwa bila haya. Ukimwuliza habari za chumba cha nne hachukizwi, kwani ameandika. Na akichukizwa, hiyo yatosha kuwa sababu ya kumwacha. Sehemu ya kumi ambayo mama atailipa, kwa maoni yetu, hununua ruhusa hiyo ya kuuliza kabla ya kununua kitu kingine chochote. Shemeji abaki mzee wa watoto, aitwe kwenye mahari na matanga, asalimiwe kwa furaha. Fedha isipite tena kati yao.

Kumwambia hivyo kwataka hekima. Mama aite kikao kidogo cha familia, amshukuru kwa miaka aliyojitaabisha, na aseme kwamba sheria za sasa za kodi na mikataba zimehitaji mtu wa ofisi. Hilo si uongo. Jambo jingine ambalo hakulitaja katika barua ni kama anazo hati za mahakama za kusimamia mirathi ya marehemu. Kama hana, aanzie ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi. Msimamizi wa nyumba asiyeuliza, "Mali hii ni ya nani kwa maandishi?" ni mtu wa kukimbiwa, maana atakayemkubali mama leo bila hati, kesho atamkubali mtu mwingine bila hati.

Katika mkataba na msimamizi, yafaa mambo kadhaa yaandikwe waziwazi. Ujira wake uwe asilimia ya pango lililopokelewa, si lile lililotazamiwa. Kwa njia hiyo chumba kikiwa kitupu naye huona njaa. Wapangaji walipe benki au kwa simu katika akaunti ya mwenye nyumba mwenyewe, na msimamizi alipwe kutoka humo. Kama yeye ndiye apokeaye, basi iwe akaunti maalumu isiyochanganywa na fedha zake. Kiwekwe kiasi cha matengenezo anachoweza kutumia bila kuuliza, tuseme shilingi 100,000, na zaidi ya hapo alete bei za mafundi wawili pamoja na stakabadhi. Wako wasimamizi ambao ujira wao wa kweli ni ule wanaorudishiwa na fundi bomba, nao huvunja kila mwezi ili kitengenezwe kila mwezi. Amana za wapangaji ziandikwe ni kiasi gani na ziko kwa nani. Mkataba wa kwanza usizidi mwaka mmoja, na uweze kuvunjwa kwa taarifa ya miezi miwili, huku funguo, mikataba na daftari vikirudishwa siku hiyo hiyo. Kipengele hiki cha mwisho watu hukisahau, kisha hujikuta na msimamizi mpya asiyejua mpangaji gani alilipa nini.

Kwa wale wenye chumba kimoja au viwili katika uwanja wanaoishi, hayo yote hayawahusu. Kumlipa msimamizi ni kutupa fedha. Wao na wanunue kitabu cha stakabadhi chenye nakala, wakichore pia daftari la mistari mitano: jina, mwezi, tarehe ya kulipa, kiasi, kilichobaki. Mpangaji atie saini kila alipapo, hata kama ni mtoto wa dada.